Kagure na Harusi za Watu

Miaka ile ya sabini, mwanamke wa Mukurweini akiwa hajui kwamba wigi zimeingia, au kwamba mabibi harusi wa Nyeri mjini siku hizi wanavaa raizoni, viatu vile vya soli nene, chini ya gauni, basi ujue huyo hapeleki maziwa asubuhi. Pale kwenye kituo cha kupokelea maziwa, wanawake wakingoja lori, Kagure alikuwa anaeleza. Kila Jumamosi, kahawa ichumwe isichumwe, alijitupa kwenye harusi ya mtu, kaalikwa hakualikwa, na Jumatatu mlipewa zote: keki ilikuwa na ghorofa ngapi, bendi ilipigaje, shangazi gani alitia nyama kwenye mkoba.

Na alijua kueleza, mama huyo! Akikuigizia kasisi mwenye kigugumizi, utashika mbavu. Alikuwa mjane wa mtoto mmoja na ng'ombe mmoja, hana kingine cha kumfanya mtu amngoje. Alipotokea kule bondeni na mtungi wake mgongoni, watu walisema, "Haya, amekuja," na neno hilo lilimshibisha kuliko uji.

Ila ulimi wenyewe ulikuwa panga. Kabura, binti wa jirani, aliolewa na mimba changa, vifungo vya gauni vikigoma kidogo tu. Nani angeona? Kagure aliona. Jumatatu alitutumua tumbo, akashikilia vifungo vya sweta, akaenda mwendo wa bibi harusi kati ya mitungi, wanawake hoi kwa kicheko. Wiki haikuisha mama mkwe wa Kabura akawa amesikia, na msichana akasimangwa mpaka akarudi kwao. Kagure alipoambiwa alisema, "Kwani ni mimi nilimpa mimba?"

Kabura alikuwa rafiki wa chanda na pete wa Magdaline, huyo mtoto mmoja wa Kagure, aliyekuwa mwalimu huko Chuka. Kwa hiyo Magdaline alipokuja kusema amepata mchumba, kijana wa huko huko aitwaye Mutwiri, alimshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, naomba kitu moja tu. Watu ya Mutwiri usiwapeleke kwa maziwa."

"Wee Magda! Mimi ni mwendawazimu?"

Na alimaanisha, maskini. Siku wakwe walipoleta mahari alipika, akapakua, akatulia hata mashemeji wakashangaa. Lakini mzee Njagi, baba yake Mutwiri, alikuja na viatu vipya vilivyombana, akavivua polepole chini ya meza. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba nje chote. Watu walipoambiwa wasimame waombe, viatu vikakataa kuingia, na mzee wa watu akaomba vivyo hivyo, kidole kinachungulia. Kagure alikimbilia jikoni akauma leso.

Jumapili alijikaza. Jumatatu, Wakonyo, jirani yake aliyempenda kwa habari zake, akamwuliza, "Na wakwe?"

"Ni watu wazuri."

"Ati ni hivyo tu?" Wakonyo akamgeukia mwingine, wakaanza maneno ya mvua.

Hakuna aliyemtazama tena. Kagure alivumilia maneno ya mvua, akavumilia ya mbolea, kisha akainama akavua kiatu. Ngai! Hakuna siku walicheka kama siku hiyo. Hata karani wa mizani alijifuta macho. Mama mzima alirudi nyumbani anaimba, na kumbe maneno yalikuwa yameshatangulia njia ya Chuka.

Harusi ilipangwa Desemba. Kagure akashonewa suti ya samawati na fundi wa Giakanja, akajizoeza kukaa wima, maana mara hii hangechungulia dirishani kama mgeni. Angeketi mbele, mama mwenye siku yake. Alikuwa akiwaza hilo hata akikamua. Siku chache kabla, shemeji yake Theuri, ndugu ya marehemu mumewe, alifika akasimama nje, macho kwa ng'ombe.

"Harusi imesongeshwa. Mzee Njagi ni mgonjwa sana. Itakuwa baada ya Pasaka."

Roho ilimwuma Kagure. Alimwombea yule mzee kwa magoti, akampa Theuri jogoo ampeleke mgonjwa afanyiwe supu. Na kwa kuwa Jumamosi yenyewe sasa ilikuwa tupu, alipanda gari akaenda harusi ya watu asiowajua, Naro Moru, akacheza mpaka jioni.

Jumatatu alifika kituoni na habari motomoto, bwana harusi wa suruali pana iliyofagia uwanja mzima. Hakuna aliyesema amekuja. Wanawake walikuwa wamemzunguka Wakonyo, na Wakonyo alipomwona akakata maneno.

"Mama Magda, hata hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

Ikabidi aambiwe. Magdaline alikuwa ameolewa Jumamosi, Chuka. Theuri alikodi lori, wakaondoka alfajiri kutoka ng'ambo ya mto, kila aliyepanda ameagizwa afunge mdomo. Mzee Njagi hakuwa mgonjwa hata mafua. Na yule jogoo, Theuri alimla mwenyewe.

Aibu na uchungu vilimpanda Kagure pamoja, na juu ya vyote, Mungu amsamehe, hamu ya kujua mtoto wake alipendeza vipi.

"Endelea," akasema.

Wakonyo akawatazama wenzake, akaendelea. Gauni la mikono mirefu. Nywele afro, ua jeupe kando. Mpiga picha wa kutoka Meru. "Halafu pasta akasema, mama ya bibi harusi asimame tumuone. Mke wa Theuri huyo, amesimama!" Wakonyo akainuka, akanyoosha shingo, akapunga mkono huku na huku kama yule mama. Mmoja akachekea kwenye leso, mwingine akashindwa kujizuia, kisha wote.

Kagure akangoja wamalize.

"Na Magda? Wakati huyo anasimama, alilia?"

Wakonyo hakuwa mtu mbaya. Lakini kituo kizima kilikuwa kimya kikimngoja yeye, na tangu azaliwe hakuwahi kungojwa.

"Alie nini, mama! Alikuwa anacheka tu, tangu asubuhi. Mpaka nikamwambia mwenzangu, tazama, huyu mtoto leo amepumua."

Wanawake wakacheka tena, na Kagure akausogeza mtungi wake mbele, maana foleni ilikuwa imesonga.