Kitenzi Nilichoshindwa Kukimaliza

Mwaka ule treni ilipoacha kufika Kindu, mji wote ulinuka majivu. Chumvi ilikuwa imekwisha madukani, hakuna mashua iliyothubutu kupanda mto Lualaba, na akina mama walichoma maganda ya ndizi na majani ya mtoni, wakachuja majivu yake kwa maji ili wapate kitu chenye uchungu tulichokubali kukiita chumvi. Shule yetu ilikuwa imefungwa. Wanajeshi walioushika mji walilala madarasani na kufanya madawati kuni za kupikia. Mwalimu wetu wa Kilatini, ambaye sote tulimwita Prof, alitukusanya wanafunzi sita uani kwake kila asubuhi, huku mkewe, Mama Apendeki, akishughulika na majivu jikoni. Prof aliamini vita vitakwisha, na siku hiyo isitukute wajinga. Kwa kuwa madaftari hayakupatikana, alituandikia masomo nyuma ya fomu za zamani za mizigo, zilizookotwa kwenye stesheni.

Juma lile tulikuwa na kitenzi kimoja. Maana yake, alitueleza, ni kubeba. Lakini Warumi walikitumia pia kwa kuleta, kwa kuvumilia, hata kwa habari ambazo watu husimuliana. Hakikufuata kanuni ya vitenzi vingine. Wakati uliopo kilikuwa fero, wakati uliopita kikageuka tuli, kisha latum, kana kwamba watu watatu wa koo mbalimbali wamelazimishwa kuishi nyumba moja. Prof alitamka, nasi tukaitikia kwa pamoja: fero, fers, fert. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sauti yangu ilishinda zote hapo mwanzo. Lakini nilijua nafsi hizo tatu tu. Kuanzia wingi niliteremsha sauti na kuchezesha midomo, kwa sababu palipo na watu sita wanaoitikia pamoja hakuna anayemgundua mvivu. Nilijiambia kwamba nitajifunza kesho, na kesho yake nilijiambia vilevile.

Siku ya nne, mwenzetu Salima alipekuliwa kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani, wakamkuta na karatasi yake ya somo. Fomu ya treni, na nyuma yake maneno ambayo si Kiswahili wala Kifaransa: kwa watu waliozingirwa na adui aliyejificha msituni, hiyo ilitosha kuwa barua ya kijasusi. Wanajeshi watatu walimleta hadi uani tukiwa katikati ya somo. Mkubwa wao aliinua karatasi.

“Hii njo luga gani?”

“Kilatini, chef,” Prof akajibu kwa upole, akimpa cheo chake. “Ni somo la batoto.”

“Kilatini ni ya bapadri. Wewe uko padri?” Wenzake wakacheka. Kisha akaninyooshea kidole. “Huyu mwenye kupiga kelele. Kama ni somo, aseme peke yake. Mimi nitafuata hapa kwa karatasi.”

Nikasimama. Nikasema fero, fers, fert, na kidole chake kikateremka mstari kwa mstari. Kisha nikanyamaza. Kidole kikangoja. Prof alifungua mdomo kunisaidia, akaamriwa kufunga. Salima alisema anajua yote, aulizwe yeye.

“Nimeuliza mumoja,” mkubwa akasema. “Mutoto wa shule hajui somo yake. Basi hii si somo.”

Prof aliomba avae viatu. Walimkatalia. Aliondoka peku, akitutazama kama mtu anayehesabu wanafunzi wake kabla ya kufunga darasa. Hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha alikozikwa.

Leo treni hufika tena Kindu, ingawa hailingani na ratiba yoyote, na watoto hupita na karatasi zao pale kizuizi kilipokuwa, bila kuulizwa neno. Mimi nimemzidi Prof umri. Nimesoma chuo, nimeandika kurasa nyingi kuhusu haki, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga ua ule. Mwezi uliopita nilikwenda. Mama Apendeki alikuwa akichambua mchele. Nilimwambia bila kuzunguka.

“Mama, siku ile njo mimi nilishindwa kusema. Sikukuwa nimejifunza.”

Mikono yake haikusimama. “Ulikuwa na miaka ngapi?”

“Kumi na ine.”

“Mimi nilikuwa na makumi tatu. Nilikuwa pale jikoni, nilisikia yote. Ningetoka, niseme huyu njo bwana yangu, ni mwalimu, mji muzima unamujua. Sikutoka.” Ndipo akauweka ungo chini. “Tangu siku ile ninangoja mumoja wenu akuje, nimwambie. Unisamehe, mwana yangu.”

Nilikuwa nimekwenda kuomba neno lilo hilo. Nilitafuta jibu, na kwa mara nyingine katika ua ule nikanyamaza.