Riwaya Niliyoiandika Wakati wa Mahubiri

Kwa miezi minane nilimwacha mjane amesimama mlangoni kwa shemeji yake, mkono juu, tayari kubisha. Alikuwa mhusika mkuu wa riwaya yangu. Kila nilipofungua daftari nilimkuta pale pale, amechoka kama mtu aliyesahauliwa kwenye foleni ya hospitali. Sikujua shemeji angesema nini akifungua, kwa hivyo sikumruhusu abishe.

Watu niliwaambia sina nafasi. Hilo lilikuwa kweli kiasi. Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa karibu na Nkubu, mume wangu anafanya kazi Embu na hurudi Ijumaa, na nyumbani kuna mabinti wawili, ng'ombe mmoja, na mama mkwe ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Nilijaribu kuamka alfajiri niandike. Ng'ombe alipoona taa ya jikoni inawaka alidhani saa ya kukamuliwa imefika, akaanza kulia, na mama mkwe akatoka na blanketi mabegani kuuliza nani mgonjwa. Siku ya nne nililala hadi kukapambazuka, nikajiambia namhurumia ng'ombe.

Ukweli ni kwamba hata nilipopata saa nzima ya utulivu, niliitumia kuchonga penseli na kupiga mistari ya pambizo. Nina madaftari manne yenye pambizo nzuri sana.

Mahali pekee ambapo hakuna aliyeweza kunituma wala kuniuliza soksi ziko wapi palikuwa kanisani, wakati wa mahubiri. Niligundua hilo kwa bahati tu. Mchungaji wetu mpya, kijana mpole kutoka upande wa Embu, alikuwa ameanza mfululizo wa mahubiri kuhusu Nehemia na ukuta wa Yerusalemu. Sauti yake haikupanda wala kushuka, na baada ya nusu saa benchi zima la wazee lilikuwa limeinamisha vichwa, na hawakuwa wakiomba. Mimi nilikuwa na daftari langu la mahubiri. Nikafungua ukurasa wa nyuma, na bila kupanga chochote nikaandika: "Akabisha." Shemeji akafungua. Kumbe alikuwa na mengi ya kusema.

Siku hiyo niliandika kurasa sita. Kufikia Jumapili ya tano mjane alikuwa amefukuzwa, amehamia Maua, na dereva mmoja wa pikapu ya miraa alikuwa ameanza kumsalimia kwa sauti ya chini. Niliandika nimeinama, mara nyingine nikitabasamu. Jumapili ambayo mama wa yule mjane alifariki katika hadithi, nililia kabisa, nikajifuta kwa leso ya mama mkwe, ambaye hukaa kando yangu siku zote.

Sikujua kwamba mchungaji ananitazama.

Mahubiri yakaanza kurefuka. Akina mama walioacha sufuria za mukimo kwenye moto mdogo wakaanza kunung'unika, na mzee mmoja akawa anakohoa kila saa sita ikigonga. Mimi peke yangu nilifurahi. Kila dakika aliyoongeza ilikuwa aya.

Alhamisi moja jioni mchungaji akaja nyumbani. Mama mkwe alikuwa kwangu, nikawawekea chai.

"Mwalimu," mchungaji akasema, "nilipofika hapa niliambiwa nalaza watu. Hata mke wangu aliniambia. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba nihamishwe. Halafu nikaona wewe unaandika kila neno. Siku ile ulipolia, nilienda nyumbani nikaichana ile barua."

Nilimmiminia chai hadi ikajaa kwenye kisahani.

"Kwa hivyo Jumapili hii nataka usimame mbele utusomee yale umekuwa ukiandika. Dakika kumi tu. Watu wasikie walichokosa."

Nikasema sawa. Sijui kwa nini. Nafikiri mdomo ulizoea kumwambia mchungaji sawa.

Alipoondoka, nilimgeukia mama mkwe, mtu asiyekosa Jumapili, anayekumbuka nani alivaa nini harusi ya mwaka juzi.

"Mama, nisaidie. Yale mahubiri ya kwanza, Nehemia alifanya nini?"

Akanywa chai yake polepole. "Alijenga ukuta."

"Hiyo najua. Kisha?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasoma nini?"

"Si ni hiyo hadithi yako. Na uandike polepole kidogo, herufi zako ni ndogo. Jumapili ulifungua ukurasa kabla sijajua kama huyo dereva ana bibi."

Nikakaa chini. Miaka kumi na mbili nimeishi mkabala na mwanamke huyu nikiamini anasoma Biblia na maandishi ya pakiti za mbegu, basi. Ningepaswa kuona haya. Badala yake nilimuuliza, "Unaionaje?"

"Huyo mtu simwamini," akasema. "Lakini kesho umwambie mchungaji ukweli. Ametuletea roho yake yote hapa."

Ijumaa baada ya masomo nilimkuta mchungaji nyuma ya nyumba yake akiwakatia sungura majani. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu yenye sarufi safi. Iliyotoka ni hii: "Mchungaji, nilikuwa naandika riwaya."

Akasimama na panga mkononi. "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Hata siku uliyolia?"

"Mama wa mhusika alikufa."

Akayatazama majani. "Mimi nilimwambia mke wangu ni Nehemia."

Nikaomba msamaha mara mbili, ya pili ikiwa mbaya kuliko ya kwanza. Akasema amefurahi nimemwambia mwenyewe, akarudi kwa sungura wake. Hakutabasamu. Nilitembea hadi nyumbani nikijiona kama mtu aliyechukua sadaka kwenye kapu.

Jumapili hiyo hakuniita mbele. Alihubiri dakika ishirini, akakaa. Mimi daftari nililiacha nyumbani, kwa hivyo kwa mara ya kwanza nikasikiliza. Alieleza jinsi Nehemia alivyozunguka peke yake kuukagua ukuta uliobomoka, kabla ya kumwambia mtu yeyote, na nikajikuta nataka kujua kilichofuata. Miezi miwili mizima mtu alikuwa akinisimulia hadithi nzuri, nami nimeifunika kwa yangu. Nje, wazee walimpa mkono kwa furaha kwa sababu amemaliza mapema. Uso wake ulionyesha hakujua kama amesifiwa.

Nami nikarudi kwenye pambizo. Wiki tatu sikuandika neno.

"Dereva ana bibi ama hana?" mama mkwe akaniuliza tukiwa tunakamua.

"Sijui, mama. Sina nafasi."

"Ya kupiga mistari unayo."

Jumamosi iliyofuata alichukua kiti chake, akakiweka mlangoni kwangu, akawapa wajukuu maharagwe ya kuambua, na akaanza kuwaambia wageni kwamba nimeenda Embu kumwona mume wangu. Mume wangu mwenyewe alikuwa pale pale, akirekebisha ua mbele ya macho ya kila mtu. Ndani, niliandika kwa sababu moja tu: nilimwogopa. Jioni aliingia na miwani yake, akanyoosha mkono kama msimamizi wa mtihani.

Tumeendelea hivyo karibu mwaka. Wiki jana mchungaji alipita na mfuko wa maparachichi. Kupitia dirishani nilimsikia akiniulizia, na mama mkwe akamjibu bila kuona haya, "Ameenda Embu." Wakati huo huo kikohozi kikanishika, kikubwa, cha kusikika hadi barabarani.

Kisha mchungaji akacheka, kwa mara ya kwanza nikimsikia tangu siku ile ya majani ya sungura.

"Basi mwambie nimempelekea salamu huko Embu," akasema, akaacha maparachichi karibu na kiti, akaenda zake.

Siku hiyo niliandika nusu ukurasa na kufuta robo.