Kipimo cha Bei Nafuu na Yule Mama Aliyenipa Mgongo

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijatafuna hata jani moja la miraa, hapa hapa Diani, na jua bado liko juu ya minazi.

Kazi yangu ilikuwa ukedi: kubeba mikoba ya wachezaji wa gofu na kuwaambia mpira uko umbali gani na shimo. Miaka kumi na minne nilipima kwa jicho tupu. Mchezaji akiuliza, "Ngapi?", najibu, "Mia na arobaini, bwana," naye anapiga bila wasiwasi. Lakini uzee hauna adabu. Daktari mmoja mstaafu, mteja wangu wa kila wiki na ndiye hasa aliyenilishia watoto, aliniambia kwa upole kwamba siku hizi nampotezea mipira. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Nije na kipimo cha leza, kile unachokichungulia kikakusomea umbali, la sivyo atachukua kedi mwingine.

Basi nikazunguka Ukunda yote kutafuta cha bei nafuu. Kipya kilikuwa bei ya ng'ombe na ndama wake. Kingine kilikuwa rahisi, lakini ni cha wawindaji, hakijui kutofautisha bendera ya shimo na mti ulio nyuma yake. Mwishowe nikapata kilichotumika, kwa muuza simu mmoja wa bara.

"Mzee, hii ni poa sana," akaniapia. "Ikishika flag inavibrate. Chini ya yadi tano ndiyo haisomi. Enda ujaribu, ikikusumbua urudishe kesho."

Saa kumi na moja unusu jioni, wachezaji wameshaondoka, nikaenda shimo la saba. Pana jiwe pale ninalolijua, liko yadi mia na hamsini kutoka kwenye bendera. Nikasimama hapo, nikailenga bendera. Kikatetemeka mkononi: mia na hamsini. Nikarudia: mia na hamsini. Wallahi nilicheka peke yangu.

Sasa sikiliza kosa langu. Kando ya shimo lile kuna kaburi la zamani lenye ukuta mfupi wa mawe, lililokuwapo kabla nyasi zile hazijapandwa. Sisi tumelelewa tusilinyooshee kaburi kidole. Ukisahau, unakiuma kidole hicho papo hapo. Ndiyo maana makedi tukionyesha mpira ulioangukia upande ule tunaelekeza kwa kidevu, na wageni wanadhani tuna kiburi. Jioni ile, ukutani palisimama mama mmoja aliyejitanda leso, amenipa mgongo. Nikadhani anaokota kuni. Nikasema moyoni, huyu atanifaa, hatikisiki. Na leza si kidole.

Nikamlenga. Kikatetemeka: mia na sabini. Nikamlenga tena kuhakikisha: mia na arobaini. Nikashusha kipimo nikamtazama kwa macho. Yuko pale pale, mgongo vile vile. Nikaigeukia bendera: mia na hamsini, haikosei. Nikamrudia yeye: tisini. Utaniuliza, kwa nini hukukimbia? Niamini, nilikuwa nikimlaani muuza simu. Nilikuwa nikiifikiria Jumamosi. Hamsini na tano. Ishirini. Kila nikishusha kipimo, mama yuko mbali, hajainua unyayo. Kila nikikipandisha, namba imepungua.

Mara ya mwisho sikuona mtu. Niliona kitambaa tu, uzi mmoja mmoja, kimeziba kioo chote. Halafu kioo kikaingia ukungu kwa nje, kama kilichohemewa. Namba ilikuwa moja. Na sauti ya kike, karibu na shavu langu, ikaniuliza pole pole, "Ngapi?"

Nilikitupa. Nilifika nyumbani pekupeku, viatu sikumbuki nilivivulia wapi, na nilikuwa nimejikojolea, sifichi. Mama yangu mzazi aliponisikiliza hakunipa pole. Alinishika uso akalitazama jicho la kulia, lile nililolengea.

"Kidole ungekiuma, mwanangu," akasema. "Jicho utaliumaje?"

Tangu siku hiyo jicho hilo huniletea vitu karibu kuliko vilivyo. Hospitalini walisema ni zima. Jumamosi nilimwambia daktari mia na ishirini, mpira ukaanguka mchangani, pungufu ya yadi thelathini nzima. Aliniaga kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko matusi. Leo nakata nyasi kwenye jumba la mgeni. Kipimo alikiokota kedi mwenzangu, anakitumia kila siku, na hakina kasoro hata chembe.

Kwa hiyo wewe unayetafuta cha bei nafuu, nunua tu, urahisi si dhambi. Kijaribu kwa bendera, kwa ukuta, kwa mnazi. Lakini mtu aliyekupa mgongo usimpime kabla hujamwamkua. Mwamkue, na asipoitika, tia kidude chako mfukoni uende zako. Mimi sasa hata nikimkuta mke wangu jikoni amenipa mgongo, nasimama mlangoni, natoa salamu, na nangoja aitike ndipo niingie.

Jana alikawia kuitika.