Kivuli Chumbani kwa Kaka

Pale maktaba alikofanya kazi walimwita Bi Kimya, na jina lilimkaa vizuri, maana hata mtu akikohoa tu, yeye alimtolea macho. Kila mwezi aliandika uhakiki wa kitabu kimoja akaubandika karibu na mlango, na wasomaji wakorofi wakamjibu pembezoni kwa kalamu. Mwezi huo alichagua mfululizo wa manga, zile katuni za Kijapani, juzuu saba zenye kisa cha ajabu. Katika mji fulani, mtu akifa kivuli chake hubaki kwenye ukuta wa chumba chake, kisha hufifia kiungo kimoja kimoja, mpaka ukuta uwe mweupe na familia iruhusiwe kusahau.

“Mchoraji huyu ana roho ngumu,” aliandika. “Ametumia kurasa kumi na mbili kufuta kidole kimoja, na sikuthubutu kuruka hata moja.” Juu kabisa aliweka onyo kwa wino mwekundu: manga husomwa kutoka kulia. Anayeifungua kama kitabu cha kawaida anaanzia mwisho.

Ambalo hakuliandika ni kwamba nyumbani kwake juzuu hizo zilikuwa na msomaji mwingine. Mama yake hakwenda shule, lakini picha alizisoma kuliko wenye shahada. Tangu kaka mkubwa azikwe, miezi minane sasa, mama alishinda chumbani kwa marehemu, na chakula alionja kwa kubembelezwa. Alipoliona rundo la katuni mezani alilibeba lote. Baada ya wiki moja akaanza kula, akalalamika hata kwamba chumvi haitoshi. Bi Kimya alifurahi kweli kweli, mpaka mchana mmoja mama aliposema, kwa sauti ya mtu anayetaja mgeni wa kesho:

“Kaka yako anarudi. Ameshapata mkono.”

Alionyesha ukutani, juu ya kitanda. Palikuwa na doa jeusi. Bi Kimya aliona vidole vitano, akaamua kuwa hajaviona.

“Huo ni unyevu, mama.”

“Unyevu gani una kucha?”

Hapo ndipo alipotazama vile vitabu. Mama alikuwa ameanza na juzuu iliyokuwa juu ya rundo, ya saba, tena akaifungua kutoka kushoto. Kwake yeye ukuta ulianza mweupe, kikaja kidole, kikaja kiganja, likaja bega, na mwisho mtu mzima akainuka kitandani akaomba maji. Bi Kimya mwili ulimsisimka, naye akiogopa hufoka.

“Unasoma kinyumenyume, mama! Hapo harudi mtu. Wanamsindikiza!”

Akaketi kando yake, akampitisha juzuu zote saba kutoka kulia, ukurasa kwa ukurasa, mpaka jua likashuka. Mama hakubisha. Walipofika kwenye ukuta mweupe alishusha pumzi, akasema, “Kumbe,” basi.

Kesho yake Bi Kimya alikuja nyumbani saa ya chakula cha mchana. Kifungua kinywa kilikuwa palepale, kimefunikwa, na mama alikuwa amekaa kitandani ameuelekea ukuta. Vidole vilikuwa vinne. Bi Kimya alihesabu mara mbili, na safari hii hakuthubutu kutaja unyevu. Kaka yake alikuwa njiani, na ni yeye, kwa ujuaji wake, aliyemgeuza.

Akaikamata juzuu ya saba, akamwekea mama mapajani, akaifungua kutoka kushoto.

“Nilikosea, mama. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Soma vile vile ulivyokuwa unasoma, nakuomba.”

Mama aliutazama ule ukurasa mweupe, kisha akaufunika kwa kiganja.

“Siwezi tena, mwanangu,” alisema. “Sasa najua inavyokwisha.”