Kelele za Ekzosi ya Castory

Kefa alipomwona Castory anaikokota pikipiki kuja gereji, alijua siku imeshaharibika. Pikipiki nzima inakokotwa ya nini? Kijana alikuwa anautangazia mtaa mzima wa Nkuhungu kwamba kazi ya fundi ni mbovu hadi kuiwasha ni aibu.

"Bado, mzee!" Castory alisema kwa sauti ya juu, akiisimamisha chini ya turubai. "Kelele ziko vile vile."

"Kelele gani? Jana si uliondoka hapa imetulia?"

"Ilitulia wapi?"

Hee! Na anavyofoka sasa! Kefa alisonya. Vijana wa siku hizi wana mambo mawili tu: ama wanakufokea kama wanamwita mtu ng'ambo ya korongo, ama wanakupita asubuhi kimya, hata shikamoo hakuna. Adabu imekwenda wapi, yeye hajui.

Tena hawa ndio waliojitakia. Pikipiki inatoka dukani na ekzosi yake nzuri, tulivu, wao wanaing'oa na kufunga zile fupi za mbwembwe, ili wakipita wasichana wageuke. Ndani ya ekzosi hizo mna bomba lenye matundu madogo madogo, limezungushiwa pamba nyeupe ya vioo ya kumeza sauti. Pamba ikiungua inatoka na moshi kidogo kidogo, na pikipiki inaanza kupayuka. Hapo ndipo wanapomkumbuka Kefa. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa hiyo: kufungua, kukwangua majivu, kufunga pamba mpya.

Safari hii haikuwa mchezo. Kijiwe cha Castory kiko nje ya geti la zahanati, upande wa wodi ya wazazi, na muuguzi mkuu amewaambia waendesha boda wote: ekzosi zinyamaze au mhame geti. Castory, mwenyekiti wa kijiwe, alitangulia kuleta yake. Ikinyamaza, wenzake wote wanakuja kwa Kefa. Isiponyamaza, wote wanakwenda kwa Hamidu wa Majengo, na Kefa atabaki akiziba pancha.

"Nipishe," alisema.

Akatoa riveti kwa drili, akavua kifuniko cha nyuma, akalivuta bomba la ndani. Pamba ilikuwa nzima, nyeupe, imekaa pale pale alipoifunga kwa waya mwembamba. Haikulegea hata ikachomwa na moto, haikubana hata injini ikakosa pumzi. Nani mwingine hapa Dodoma anafunga hivi? Aliirudisha yote, akapiga riveti mpya, mikono ikimwasha kwa ile pamba na roho ikimwasha zaidi. Akapiga kiki, akavuta resi.

Ilinguruma taratibu, kwa mbali, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

"Haya! Hiyo si imelala?"

Castory alimtazama kama anayemtazama mlevi. Ng'ambo ya barabara, Paulina, mama lishe, alikuwa ameziba masikio kwa vidole, na mteja wake alikuwa anahama benchi na sahani yake ya ugali na mlenda. Damu ikampanda Kefa kichwani. Akazima injini.

"Ahaa! Kumbe mmepanga! Hamidu amewatuma, si ndiyo? Na yule mama naye mmemweka!"

"Mzee, usitutukane."

"Mnataka kuniua njaa!"

"Basi na mimi niseme," Castory alisogea, mishipa ya shingo imemsimama. "Wewe siku hizi unaringa. Kila asubuhi nikipita hapa nakupa shikamoo yako, huitikii. Kijiwe kizima kinalalamika. Tumekukosea nini?"

"Shikamoo ipi? Mnapita hapa mmefumba midomo!"

"Kila siku, mzee! Muulize mama."

Paulina alikuwa ameshavuka barabara, anafuta mikono kwenye kanga. "Ni kweli, baba Ruthu," alisema karibu na uso wake. "Hata leo nimekusalimia, ukaendelea kukaza nati. Nikasema labda umeamka vibaya."

Kefa aliona haya, na kwa sababu aliona haya alizidi kukasirika, na kwa sababu hakujua amkasirikie nani aliinama kwenye pikipiki.

"Washa," alimwambia Castory.

Safari hii hakutega sikio. Alipitisha kiganja hewani, juu kidogo ya bomba, kutoka kwenye injini kuja nyuma. Pale bomba linapoungana na ekzosi, nyuma ya lile bati la kukinga mguu, pumzi ya moto ilimpiga kifundo cha mkono. Ikampiga tena. Palikuwa na ufa. Pamba haikuwa na kosa lolote.

Lakini ufa namna hiyo unatema cheche za sauti, pa-pa-pa, hata mwanafunzi wa ufundi anausikia akiwa upande wa pili wa barabara. Kefa mwenyewe zamani alikuwa anautambua akiwa msalani, anapaza sauti kutoka humo humo: "Hiyo imepasuka mbele, msiguse pamba!" Na watu wanacheka. Sasa ufa unamchoma ngozi, na yeye hasikii kitu.

Alilivua bati, akauchomelea ufa, akaulainisha, akalirudisha. Castory akawasha. Kwa Kefa ilikuwa ngurumo ile ile ya mbali, haikupungua, haikuongezeka. Alijua imepona kwa kuutazama uso wa kijana ulivyofunguka, na kwa Paulina aliyerudi kwenye sufuria zake bila kujiziba.

Hasira ilimrudia. Miaka yote hiyo ya kuinamia resi za watu! Wao wakipita na mbwembwe zao, yeye kichwa kipo pale pale kwenye bomba, na mtu alipomwambia azibe masikio, yeye alimcheka.

Castory alimshika bega. "Unaisikiaje sasa, mzee?"

Ndilo swali ambalo wateja wote humuuliza. Angeweza kutikisa kichwa tu, mambo yakaisha. Lakini kesho je? Atafunga pamba za watu kwa kubahatisha mpaka lini?

"Siisikii," alisema. "Castory, mwanangu, mimi sisikii."

Castory alirusha kichwa nyuma, akacheka mpaka machozi. Akatoa simu. "Jamani, leteni zenu zote! Fundi ameipatia mpaka mwenyewe anasema haisikii!"

"Hapana, nisikilize, sizungumzii ekzosi..."

"Nimekusikia, mzee! Wewe ni kiboko!"

Walikuja wote kutoka getini, Msafiri mbele, Sila nyuma yake, wakajipanga kuzunguka turubai bila kuzima injini, kila mmoja akitaka yake isikilizwe kwanza. Midomo yao ilikuwa inacheza. Kefa alisimama katikati na drili mkononi, akasema tena, kwa nguvu zake zote, kwamba hasikii. Wakampigia makofi. Hakujua hata kama sauti yake ilikuwa imetoka.