Uso wa Ukuta

Ukimwita mjomba wangu aje akujengee ukuta, usitegemee afungue mkoba wake wa zana. Kwanza atavuta kiti, atakaa, atajifuta jasho hata kama hajatoka jasho, kisha atakuuliza: "Unamzuia nani?" Swali hilo amezeeka nalo, na ndilo lililoufanya mtaa mzima umwite Fundi Zuia. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani linatumika hospitalini tu.

Ukimjibu kwamba unazuia mbuzi, atakwambia unachotaka ni wigo, ukate fito ujifungie mwenyewe, usimpotezee muda. Ukisema ni macho ya wapita njia, huo ni ua, na michongoma inapendeza kuliko saruji. Ukisema ni mwizi, hapo ndipo anatoa futi na kamba. Kuna bwana mwenye duka la vifaa vya umeme alitaka ukuta uende juu, uwekwe vipande vya chupa, na juu ya chupa seng'enge. Mjomba alimtazama kwa huruma. "Mzee, huo si ukuta tena, hiyo ni ngome. Ngome ni ya mtu aliyekosana na watu wote. Wewe umekosana na nani?" Yule bwana akafikiri, akasema hajakosana na mtu, ila usiku mkewe anaogopa giza. Wakaishia kuweka ukuta wa kawaida na taa.

Jibu moja tu ndilo lililomtia mjomba uvivu, nalo ni "jirani." Akilisikia hilo, hagusi tofali mpaka aende kwa huyo jirani, akaribishwe, anywe chai, asikie na upande wa pili. Kuta nyingi zilifia kwenye chai hiyo, na mjomba hakuzilia.

Basi siku moja mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamwita na kumwambia anataka ukuta. Kabla hajaulizwa alijibu mwenyewe: "Namzuia jirani. Na chai usiende kunywa."

Jirani mwenyewe ni Mama Cherehani, mjane anayeshona nguo barazani kwake. Kati ya nyumba yetu na yake kulikuwa na ua wa michongoma wenye pengo, na kwenye pengo hilo zilipita chumvi, kiberiti, umbea na sindano kwa miaka mingi. Kisha asubuhi moja mama, akiwa anaanika nguo, akamsikia Mama Cherehani akiwaambia wateja wake kwamba kiuno cha jirani siku hizi kinameza kitambaa. Wateja wakacheka. Mama hakucheka, na pengo likazibwa kwa bati siku hiyohiyo.

"Dada, si tungezungumza kwanza?" mjomba alijaribu. "Wahenga walisema usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta. Haya, ufa sikuuziba. Jenga."

Sasa nikwambie jambo ambalo mtaa wote ulilijua isipokuwa mama. Mjomba alifiwa na mkewe zamani, na suruali zake zilikuwa zimeanza kuchanika mara nyingi kuliko suruali za mafundi wengine, na zote zilishonwa baraza moja. Alitaka kumwoa Mama Cherehani. Alikuwa akitafuta siku nzuri ya kumweleza dada yake, maana bila baraka zake hangeoa hata malkia, na siku hiyo nzuri ndiyo ikaangukiwa na kiuno. Nilimhurumia sana. Alitakiwa ajenge kwa mikono yake kitu cha kumtenga na mwanamke anayempenda, na hakuweza kumkatalia aliyemlea.

Akaing'oa michongoma, akachimba msingi, akaanza kupanga tofali. Alimwambia mama atasimama upande wa jirani ili asikanyage mchicha wake. Mama alifurahi, akanisifia adabu ya mdogo wake. Siku zote za kazi nilisikia mwiko ukikwangua na cherehani ikilia, halafu vyote viwili vinanyamaza kwa muda mrefu, halafu vinaanza tena. Mama alikuwa jikoni akiimba. Alidhani ameshinda.

Ukuta ulipokamilika, mama alitoka kuukagua. Akasimama pale kwenye mchicha, mikono kiunoni, na uso wake ukabadilika polepole.

Baba yao naye alikuwa fundi, na watoto wa fundi wanajua kwamba ukuta una uso na mgongo. Upande anaosimama fundi ndio anaovuta kamba, huko tofali hunyooka na viungo vikapigwa vizuri. Upande wa pili hupokea kilichobaki. Mwenye ukuta hupewa uso, jirani hupewa mgongo, na hakuna fundi anayesahau. Huu wetu ulikuwa mgongo mtupu. Tofali moja limetokeza, jingine limezama, udongo wa saruji umening'inia kila kiungo kama uji uliomwagika kwenye sufuria.

Mama alijifunga khanga, akatoka barabarani, akazunguka mpaka kwa Mama Cherehani, nami nyuma yake nikiomba Mungu. Uani alikuta ukuta umenyooka kama daftari jipya. Chini yake kulikuwa na kigoda, juu ya kigoda kikombe, na juu ya kikombe kisahani cha kuzuia nzi. Mjomba alikuwa amesimama kando na mwiko mkononi. Mama Cherehani aliacha kushona.

Mama aliupapasa ukuta kwa kiganja, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "tangu lini?"

Mjomba akaangalia mwiko wake. "Tangu suruali ya kijivu, dada."

Mama akanyanyua kile kisahani, akachungulia chai. "Huyu hanywi sukari nyingi."

"Najua," Mama Cherehani alijibu taratibu. "Nusu kijiko. Dada, na lile neno la kiuno, naomba..."

"Lilikuwa la kweli. Lingekuwa la uongo nisingejenga ukuta." Mama akavuta kile kigoda, akakabidhi kikombe kwa mwenyewe, akakaa, kisha akabadili mawazo na kusimama tena katikati ya ua, mikono ameiinua pembeni.

"Njoo unipime," alisema. "Mdogo wangu haozwi na dada aliyevaa gauni kuukuu. Na kitambaa usinibanie."