Bibi alivyofika harusini kwangu leo, sebuleni

Leo bibi yangu kaja kwenye harusi yangu, na harusi yenyewe ilishapita.

Siku ile mguu ulimzuia kutoka Litapunga. Kwa hiyo leo kaletwa hapa kwetu Makanyagio aione video.

Mume wangu (bado nafurahia kuliandika hilo neno, mnivumilie) ameihifadhi kwenye kile kiboksi chake kinachotuma video kwenye TV kwa wifi. Akabonyeza. Sauti ikatoka, picha hakuna. TV inasema haisomi video ya aina hiyo.

Bibi akauliza, "Kwani nyie mlioana gizani?"

Nilitaka kulia. Mume wangu akasema, "Mke wangu, nipe muda kidogo." Akafungua laptop, akaigeuza ile video iwe MP4, aina ambayo TV inaisoma. Sisi tukanywa chai.

Picha ilipokubali, tukaangalia hadi ikafika saa ya kutunza. Watu wamepanga foleni, wanakuja wakicheza na zawadi zao.

Bibi akasimama. Akatoa kitenge kwenye mfuko wake, akacheza taratibu nyuma ya foleni ile ya kwenye TV, akaja kunifunika mabegani.

Asante Mungu. Asante mume wangu.

Nyie mngejizuia kulia kweli?